Kidonda cha Mwonja Chai

Mara ya tatu kaka yangu aliporudishwa nyumbani bila kupasuliwa jicho, alikuwa amekwisha kuvaa gauni la hospitali, lile la kijani linalofungwa nyuma kwa kamba mbili ambazo daima moja imekatika. Juu ya nyusi yake ya kulia walikuwa wamembandika kipande cha plasta ili daktari asikosee jicho. Kilichobaki kilikuwa kuchomwa kidole. Muuguzi akachoma, akasubiri, akakitazama kipimo, akanyoosha mkono na kuibandua ile plasta.

"Ngapi?" nikauliza.

"Kumi na sita nukta nne."

Kikomo ni kumi na moja. Jicho la mtu mwenye sukari ya juu likipasuliwa, kidonda chake ni mlango wazi kwa maradhi, na jicho lenyewe linaweza kupotea kabisa. Hayo tulielezwa na ni kweli. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na sentensi iliyofuata, ambayo tulikuwa tukiisikia kwa mara ya tatu ndani ya miezi saba: "Nenda kashushe sukari, mzee, kisha urudi." Kana kwamba sukari ni kikapu alichosahau kukitua.

Kaka akavua gauni, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka kitandani. "Nimechoka," alisema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anavyotaja saa.

Kaka yangu ni mwonja chai. Kiwandani wanamwita Funda, na jina hilo limemkaa hata tangazo la zamu huandikwa hivyo. Kila asubuhi, saa mbili kamili, hupangiwa vikombe vyeupe sitini kwenye meza ndefu iliyo mbele ya dirisha, kila kimoja na kiasi kilekile cha majani na maji yaliyochemka. Baada ya dakika sita chai humiminwa kwenye bakuli, na kaka hupita na kijiko chake. Huvuta funda moja kwa mlio unaosikika hadi kwenye chumba cha mizani, hulizungusha kinywani, hulitema kwenye ndoo, kisha hutamka neno moja. "Kali." "Imelala." "Imeungua." "Hii ilinyeshewa." Karani huandika, na neno hilo ndilo huamua majani ya siku nzima yaende gunia gani. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na hana nyingine.

Lakini kabla ya ulimi kuna jicho. Chai husomwa rangi kwanza, na yenye wekundu wa shaba huachana na yenye wekundu wa tofali kwa tofauti ambayo mimi sijawahi kuiona hata aliponionyesha kwa kidole. Mtoto wa jicho alimwanza miaka mitatu iliyopita, na dalili yake ya kwanza ilikuwa ugomvi. Alimkaripia mwosha vikombe kwamba vikombe havisuguliwi, vimeota manjano. Mama yule akaviosha tena, na tena. Vilikuwa vyeupe pe. Manjano ilikuwa ndani ya jicho lililovitazama. Mwaka huu aliipa chai ya bakuli moja madaraja mawili tofauti katika asubuhi moja, na meneja akamwita ofisini, akafunga mlango taratibu, akamwambia kwa adabu inayoumiza kuliko tusi: "Mzee Funda, tutakungoja hadi msimu ufungwe."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Sukari ishuke jicho lipasuliwe, au msimu ufungwe na meza ile apewe mtu mwingine.

Kliniki ya kisukari iko ghorofa ya chini, upande wa jua. Ina mabenchi manne na watu wa mabenchi tisa. Kila mgonjwa ana kadi ya manjano yenye mistari: macho, miguu, figo, presha, uzito. Nimeisoma kadi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma vitabu vya shahada yangu, kwa sababu mara zote nilizomsindikiza hapakuwa na kingine cha kusoma. Muuguzi wa pale ni mwanamke hodari, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto, na anakijua kisukari. Asichokijua ni kaka yangu.

"Mzee, sukari hii haikupandishwa na maji ya bomba," alimwambia mbele ya mabenchi yote.

"Dawa nameza, sista. Ugali nimepunguza, wali nimeacha. Mkate nausikia harufu tu."

"Na chai?"

"Chai ni kazi yangu, lakini siinywi. Ninaitema. Tena haina sukari."

"Basi unatema nusu."

Mabenchi yakacheka. Kaka naye akacheka, maana mtu aliyefedheheshwa hadharani hana pa kujificha isipokuwa ndani ya kicheko hichohicho. Dozi ikaongezwa. Mwezi uliofuata, dozi ikaongezwa tena. Mwezi wa tatu wakamwanzishia sindano za insulini, na kwenye kadi, chini ya maneno yote, mkono wa mtu fulani ukaandika: *Hafuati masharti.* Maneno mawili, na miaka thelathini na mmoja ya ukweli wa ulimi wake ikafutika.

Maneno hayo yaliletwa nyumbani. Wifi yangu alikuwa amesimama naye katika kila jambo, lakini nani asimamaye na mume dhidi ya maandishi ya hospitali? Alianza kwa upole, kwa kulihamisha kopo la sukari. Kisha akalifungia kabatini na ufunguo akaufunga pindoni mwa mtandio. Kisha akaanza kupekua mifuko. Siku moja niliwakuta ukumbini, yeye ameshika shati la kazi la mumewe, anainusa mikono ya shati kama anayenusa samaki wa sokoni.

"Mama watoto, unatafuta nini?"

"Natafuta andazi."

"Andazi lina harufu?"

"Uongo ndio wenye harufu, baba watoto. Damu ya mtu haisingiziwi. Ile mashine haina chuki na wewe."

"Kwa hiyo unaiamini mashine, mimi huniamini?"

"Naogopa kukuzika, ndilo ninalojua mimi," wifi akasema, na shati likamponyoka. "Lisemwalo lipo."

Kaka akaliokota shati, akalitundika. Tangu siku hiyo alikula mbele yake tu, sahani magotini, amemgeukia, anatafuna polepole upande mmoja. Sote tuliona kwamba anatafuna upande mmoja. Sote tukadhani ni hasira.

Wiki mbili baada ya kurudishwa kwa mara ya tatu, jino lilimtoka. Lilimtoka mezani, kazini, kwenye bakuli la ishirini na tatu. Alivuta funda, akalizungusha, akatema, na ndani ya ndoo kitu kikagonga bati: *ti*. Karani akainua kichwa. Kaka akapitisha ulimi, akakuta pengo pale chini, mbele kidogo ya magego. Hakukuwa na maumivu, wala damu ya kutisha. Akaendelea hadi kikombe cha sitini, kwa sababu chai ikipoa haiamuliki.

Aliyelitafuta jino ni mwosha vikombe, yule aliyewahi kukaripiwa bure. Ni mama mzima, karibu rika la kaka, na kumwaga ndoo za mate ni sehemu ya kazi yake. Alilikamata, akalisuuza, akamletea kwenye kisahani kama mtu anayeleta chenji ya mteja.

"Jino lako hili, mzee."

Kaka akaligeuza karibu na dirisha, kwa jicho lile bovu na lile bovu zaidi. "Mbona zima? Halina tundu."

"Halina."

"Jino lenye tundu ndilo hung'oka. Hili limetoka likiwa na afya yake."

Hapo mama yule, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amesema naye maneno ya kuagizwa na kuitikia tu, akaweka beseni chini. "Mzee wangu, nisamehe kwa nitakalosema. Mimi ndoo yako naijua kuliko mkeo anavyoijua sufuria yake. Huu ni mwaka wa pili inatoka na wekundu."

"Wekundu wa chai."

"Chai naijua. Ya waonja wenzako wawili inatoka kahawia. Yako ina damu."

"Miaka miwili! Na hukusema?"

"Ningesemaje? Nigonge mlango, nikwambie, shikamoo mzee, nimekuja kuhusu mate yako?"

Kaka alinisimulia hayo kwa simu jioni ile na tulicheka sote wawili, halafu nikakumbuka kitu ambacho heshima ilikuwa imenizuia mimi pia. Kwa muda mrefu, kila kaka aliponiinamia kunisalimia, nilikuwa nikibana pumzi. Mimi ni mdogo wake. Mdogo mtu hamwambii mkubwa wake kwamba kinywa chake kinanuka.

Idara ya meno iko nyuma ya hospitali, baada ya chumba cha kufulia, ambako njia ina maji ya sabuni na hakuna kibao. Tulifika kwa kuuliza watu watatu. Daktari wa meno alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja, na kiti chake cha wagonjwa hakikuinuka tena kwa umeme. Alikiinua kwa kukanyaga pedali kwa nguvu, akihesabu kwa sauti ya chini kama anayepiga pampu. Kaka akafunua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika muda wote wa kadi ile ya manjano, mtu mwenye koti jeupe akaangalia ndani.

Akachukua kisindano butu chenye alama kama rula na kukipitisha kati ya ufizi na jino. Aliyasoma aliyoyaona kwa sauti, msaidizi wake akaandika: "Tano. Saba. Saba. Nane, usaha. Sita. Tisa, usaha." Kila nambari ilikuwa kina, kwa milimita, cha mfuko uliojichimba pembeni mwa jino; ufizi mzima, alituambia, hausomi zaidi ya tatu. Nilisikiliza nambari zile na nikatamani wifi angekuwepo, yeye aliyekuwa akitafuta mifukoni. Mifuko aliyopaswa kuipekua ilikuwa hii.

"Baba, unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?" daktari akauliza.

Kaka akakaa wima. Hapa alikuwa na fahari yake. "Sipigi. Mwonja hapigi mswaki."

"Samahani?"

"Mwanangu, hiyo dawa ya meno ina mnanaa. Ukipiga saa kumi na mbili asubuhi, saa nne bado iko juu ya ulimi. Utaonja mnanaa, hutaonja chai. Aliyenifundisha kazi alinipa mwiko huo siku ya kwanza, zaidi ya miaka thelathini iliyopita: siku ya kuonja, mswaki marufuku. Na siku ya kuonja ni kila siku."

"Na usiku?"

"Usiku wa leo ndio mkesha wa kuonja kesho."

"Kwa hiyo miaka thelathini..."

"Na mmoja. Lakini kinywa changu kinasukutuliwa mara sitini kila asubuhi. Ni kinywa gani kisafi kuliko hicho? Peremende siijui. Meno yangu hayana tundu hata moja, angalia mwenyewe."

Daktari hakucheka. Ningemsamehe kama angecheka, lakini hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alivuta kigoda akakaa usawa wa macho na mgonjwa wake.

"Baba, nani alikwambia mswaki na dawa ya meno ni kitu kimoja?"

Kaka akamtazama.

"Chai haisafishi. Kuna ukoga unaoganda kwenye meno, pale yanapoingia kwenye ufizi. Umejaa bakteria. Ukisukutua, maji yanapita juu yake kama mvua juu ya bati. Kinachoubandua ni nywele za mswaki, kusugua kwenyewe. Dawa ni nyongeza nzuri, inayalinda meno, na utaitumia usiku baada ya kula. Mpaka kukiche mnanaa umekwisha. Asubuhi chovya mswaki kwenye maji matupu, usugue, uende kazini. Mwiko wako haukuvunjwa."

 Kaka akaangalia ukutani, kwenye picha ya jino kubwa lililopasuliwa katikati. "Maji matupu," alisema mwishowe. "Na huyu aliyenifundisha alikufa hana jino hata moja, nasi tukasema ni uzee."

Kisha nikauliza swali ambalo nilipaswa kuwa nimeliuliza mwaka mzima kabla. Je, kinywa hiki na ile sukari vinajuana?

"Vinalishana," daktari akajibu. "Ufizi uliovimba na kutoa usaha meno yote haya, ukiutandaza mezani, ni kidonda kinachokaribia kiganja cha mkono. Mwili unapambana nacho mchana na usiku, na wakati huo insulini haifanyi kazi yake sawasawa, hata ile ya sindano. Sukari inapanda. Nayo sukari ikipanda, ufizi unakosa nguvu ya kupona, bakteria wanastawi. Mduara huo. Sisemi ufizi ndio sababu pekee. Dawa utaendelea nazo, chakula utaendelea kupima. Lakini unamwaga maji nje ya mtumbwi na tundu hujaliziba."

"Kwa hiyo sikuwa mwongo," kaka akasema.

"Sijui kuhusu mambo mengine, baba. Kwa sukari, huenda ulisema kweli tupu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye maji ya sabuni. Sikulia, nilikuwa nimekasirika kupita machozi. Mtu mwenye kidonda cha kiganja mguuni, kliniki ile ingemzunguka. Wangekipima, wangekipiga picha, wangekifunga. Kidonda hichohicho kikiwa kinywani, mahali ambapo mtu hukifunua kila anapojibu swali, hakuna aliyekitazama, kwa sababu kadi haina mstari wake. Tumeukata mwili wa binadamu vipande, kila kipande na foleni yake, kisha tunashangaa maradhi kuvuka ukuta. Bakteria hawajui idara. Damu ni moja. Inapita kwenye ufizi na kwenye moyo na kwenye jicho, haiombi barua ya rufaa. Na pale mfumo unaposhindwa kuona, jawabu lake la kwanza ni kumwita mgonjwa mwongo.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya kuchosha tu, na nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayakuwa mafupi. Meno manne yaling'olewa, yale ambayo hayakuwa na kitu cha kuyashikilia. Mengine yalikwanguliwa chini ya ufizi, robo ya kinywa kila wiki, kwa ganzi iliyomwacha kaka na mdomo ulioning'inia kama mfuko mtupu. Siku za ganzi hakuweza kuonja. Alitumia likizo yake yote. Damu ilitoka, ikapungua, ikakoma. Kila asubuhi alisimama kwenye beseni la uani na mswaki wa maji matupu, akisugua kwa uzito wa mtu anayeparura ukoko wa sufuria, mpaka daktari akamwonya kwamba fizi si sakafu.

Nilipeleka barua ya daktari wa meno kliniki ya kisukari. Muuguzi akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Niiweke wapi hii, dada? Hakuna sehemu yake."

"Iweke hapo ulipoandika kwamba hafuati masharti."

Akanitazama muda. Nilijiandaa kwa vita. Badala yake akashusha sauti, na nikaona kwamba yeye naye alikuwa amechoka, kwamba macho yake yalikuwa mekundu na mabenchi nyuma yangu hayakupungua. "Nina watu tisini leo," alisema. "Dakika nne kila mmoja. Hakuna aliyenifundisha kuangalia mdomo." Akachukua stepla, akaibana barua kwenye kadi, mahali ambapo iliyafunika maneno yale mawili. Sijui kama alikusudia.

Mwezi wa kwanza, kumi na nne. Mwezi wa pili, kumi na mbili nukta tano, na msimu ulikuwa umebakiza wiki saba. Mwezi wa tatu tulikwenda tena chumba cha macho. Gauni, kamba iliyokatika, plasta juu ya nyusi. Safari hii wifi alikuja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, na muuguzi alipochoma kidole alifumba macho kana kwamba amechomwa yeye.

"Tisa nukta nane."

"Rudia," wifi akasema.

"Mama, iko chini ya kikomo. Ni nzuri."

"Najua ni nzuri. Rudia, nisikie."

Muuguzi akarudia. Wifi akainuka, akamkaribia mumewe, akamfungia ile kamba moja iliyokuwa nzima. Alichukua muda mrefu kuliko inavyohitaji kamba moja. "Nilikupekua kama mwizi," alisema nyuma ya mgongo wake.

"Ulipekua," kaka akasema.

"Ungenifokea hata siku moja."

"Ningefoka kwa nguvu gani, mama watoto? Ile iliyobaki nilikuwa natafunia." Kisha akaongeza: "Hata mimi nilianza kujishuku. Nilikuwa naamka nawaza, labda nakula usingizini."

Wakamwingiza. Ilichukua nusu saa, chini ya muda tuliowahi kungoja kipimo kimoja cha damu.

Siku ya tatu baada ya kufunguliwa jicho alirudi mezani, wiki mbili kabla ya msimu kufungwa. Bila yale meno ya pembeni, funda lake limebadilika mlio. Linatoa filimbi, na wenzake wanasema treni imefika. Lakini rangi anaziona. Aliuweka wekundu wa shaba huku na wa tofali huku, bakuli sitini, na meneja aliyesimama nyuma yake akaenda zake. Alipomaliza, kaka alimwita mwosha vikombe, akamwonyesha ndoo. Wakainama wote wawili, wakaitazama.

"Kahawia," mama yule akasema.

"Kahawia," kaka akakubali.

Ningependa kuishia hapo, ila jicho la kushoto bado. Wamempa tarehe ya miezi minane ijayo, na mpaka wakati huo sukari lazima ikae chini, na fizi lazima zikae zimetulia, maana maradhi haya hayaponi, hufugwa. Kwa hiyo mwezi uliopita tulikuwa tena kwenye mabenchi ya upande wa jua, na kadi ya manjano, mpya safari hii kwa kuwa ya zamani ilijaa. Macho, miguu, figo, presha, uzito. Niliihesabu mistari. Hakuna kilichoongezwa. Nimeandika kwa ofisi ya mganga mkuu mara mbili, na nimejibiwa mara moja kwamba barua yangu imepokelewa.

Mbele yetu mwanamke wa makamo alikuwa akitoka kwenye meza ya muuguzi, ameinamisha kichwa, na kicheko cha mabenchi kikimfuata. Kumi na saba. Akarudi kukaa kungoja dawa, karibu na kaka. Kaka akamtazama kwa jicho lake moja jipya.

"Mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "ukipiga mswaki, fizi zinatoka damu?"

Mwanamke akageuka kama aliyeguswa. Akauweka mkoba wake katikati yao, akasogea hadi mwisho wa benchi. "Watu wengine hawana haya," alimwambia jirani yake.

Kaka akahema, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho yote mawili. Nilidhani amelala. Zikapita dakika kumi hivi. Kisha mwanamke yule, bila kumgeukia, mkono ukiwa mbele ya mdomo, akauliza: "Zinatoka. Kwani vipi?"

Kaka akafumbua macho. Muda huohuo muuguzi akaita nambari yetu kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto. Nikainuka. Kaka hakuinuka. Muuguzi akaita tena, akaita mara ya tatu, akapita kwenda kwa anayefuata, na mimi nikakaa tena, kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha kupotea na kaka alikuwa tayari amemfunulia mwanamke yule kinywa, anamwonyesha kwa kidole.